Betri Mpya, Ugonjwa Ule Ule

Hoja ninayoitetea katika makala haya ni fupi. Katika jiji letu la Dar es Salaam tumezoea kulipia kitu na kukwepa kulipia maarifa. Tabia hiyo huonekana wazi kabisa pale gari la kifahari la spoti linapokataa kuwaka asubuhi kwa sababu betri imeishiwa chaji usiku. Mwenye gari hununua betri mpya. Baada ya wiki mbili hununua nyingine. Fundi ambaye angeweza kumweleza moto unapotelea wapi huambulia fedha ya soda. Nazo betri zilizoondolewa huanza safari ambayo mwisho wake unaweza kuwa damu ya mtoto ambaye wazazi wake hawamiliki hata baiskeli.

Najua baadhi ya wasomaji wangu, hasa wanafunzi wanaogombania nafasi katika mabasi ya mwendokasi pale Gerezani, watauliza kwa nini mhadhiri apoteze muda wake kwa shida za matajiri. Swali hilo ni la haki na nitalijibu. Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe.

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika sana tangu wakati huo. Kilichobadilika ni gari linaloizunguka. Gari la zamani likizimwa lilikuwa limezimika kweli. Labda saa yake tu ndiyo iliyoendelea kula moto. Gari la kifahari la leo lina makumi ya kompyuta ndogo. Likizimwa, kitasa chake kinaendelea kusikiliza kama ufunguo ulio mfukoni mwa mwenye mali unakaribia, king'ora kinalinda, na kompyuta hizo husinzia moja baada ya nyingine kwa muda unaoweza kufika nusu saa. Zikishalala zote, gari lenye afya kwa kawaida hutumia takriban miliampia 50 au pungufu.

Tufanye hesabu. Betri ya ampia-saa 60 inayopoteza miliampia 50 itapoteza ampia-saa 1.2 kwa siku, hivyo itafika nusu yake baada ya siku 25 hivi. Lakini kompyuta moja ikikataa kulala na matumizi yakapanda hadi ampia 1, nusu hiyo hiyo itakwisha kwa saa 30. Mwenye gari aliyeegesha Ijumaa jioni atakuta Jumatatu gari ni chuma baridi. Betri yake huenda haina ubovu wowote. Kuna kitu kinachoinywa.

Mazingira yetu nayo huongeza tatizo. Joto la pwani huharakisha uchakavu wa betri. Anayeishi Upanga na kufanya kazi Posta huendesha kilomita mbili au tatu katika foleni, kiyoyozi kikivuma, na safari ya namna hiyo haitoshi kurudisha kile kilichotumika. Watengenezaji wa magari haya hushauri yakiegeshwa muda mrefu yaunganishwe na chaja ndogo ya kutunza betri. Ushauri ni mzuri kwa mwenye gereji yake nyumbani, lakini katika maegesho mengi ya maghorofa ya Kisutu na Upanga mtu atachomeka chaja hiyo wapi? Kwa hiyo tunachokiita kuzimika kwa ghafla mara nyingi si kwa ghafla hata kidogo.

Kumtafuta mnywaji wa moto ni kazi ya subira. Fundi umeme huunganisha mita, hufunga milango na kusubiri gari lilale. Kisha husoma kiasi kinachopotea na kutafuta njia moja moja. Akichomoa fyuzi ovyo, anaweza kuziamsha kompyuta zilizokwisha kulala, na kipimo kikaharibika. Kwa hiyo fundi mwelewa haanzi kwa kuchomoa. Hupima tofauti ndogo mno ya volti kati ya ncha mbili za kila fyuzi, maana fyuzi inayopitisha moto itaonyesha tofauti hiyo. Kazi yote inaweza kuchukua saa mbili au tatu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo anayetazama haoni chochote kikifanyika.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka jana nilimsindikiza jamaa yangu mmoja katika mitaa ya vipuri ya Gerezani. Gari lake la milango miwili lilikuwa limekwisha kumaliza betri mbili katika miezi mitatu, naye alikuja kununua ya tatu. Kijana mmoja fundi akamwambia kwa adabu, "Bosi, kabla hujanunua, funga milango tuliache lilale kwanza." Jamaa yangu akajibu, "Fundi, nimekuja kutengenezewa gari, sikuja kulitazama likilala." Nikamsihi asubiri. Baada ya saa mbili kasoro, fundi alionyesha waya wa kifaa cha kufuatilia gari, kilichofungwa na mtu mwingine na kuunganishwa mahali pasipostahili, hivyo kikawa kinaikesha kompyuta mojawapo usiku kucha. Aliomba shilingi elfu hamsini. Jamaa yangu alibishana naye hadi wakafika elfu ishirini. Ni mtu yule yule ambaye, kwa betri mbili zilizotangulia, alilipa laki kadhaa kwa kila moja bila kupandisha sauti.

Simsimulii ili kumcheka. Ni mtu mwema, na alitenda kama wengi wetu tunavyotenda. Betri inashikika, ina uzito na ina risiti. Maarifa hayana uzito mkononi. Fundi anayebadilisha kitu kwa dakika kumi tunamwona mchapakazi; anayepima kwa saa mbili tunamwona mvivu. Soko linalolipa hivyo huzalisha wabadilishaji wengi na wapimaji wachache. Tukiisha kuwafundisha vijana kwamba kupima hakulipi, hatuna haki ya kulalamika kwamba mafundi wanabahatisha.

Lakini lawama haimwangukii mteja peke yake. Sehemu ya maarifa imefungiwa makusudi. Katika mengi ya magari haya, betri mpya ikishawekwa lazima isajiliwe katika kompyuta ya gari, ili mfumo wa kuchaji ujue kwamba ya zamani imeondoka. Bila hivyo utaendelea kuichaji mpya kana kwamba ni kongwe, na maisha yake yatafupika. Mashine za kufanyia usajili huo, pamoja na michoro ya nyaya, ziko mikononi mwa watengenezaji na mawakala wao, au huuzwa kwa bei isiyofikiwa na kijana wa Gerezani. Huyo hubaki na programu za kunakili na uzoefu wa kujifunza kwa kuharibu.

Wenzetu wameliona jambo hili kuwa la kisera. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani walipitisha sheria ya kuwataka watengenezaji wa magari wawape mafundi huru taarifa za matengenezo wanazowapa mawakala wao. Hapa Afrika, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika Julai 2021, unaompa mwenye gari nafasi ya kulipeleka kwa fundi huru bila kupoteza dhamana yake. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na tunayo Tume ya Ushindani. Sioni sababu ya kutotazama soko la matengenezo ya magari kwa jicho hilo hilo.

Sasa nijibu swali la wanafunzi wangu. Kwanza, teknolojia ya matajiri haibaki kwa matajiri. Ufunguo usiochomekwa na kompyuta zinazosinzia zimekwisha kushuka hadi katika magari madogo yaliyotumika tunayoyaagiza kutoka Japani, na mwalimu wa sekondari aliyekopa ili anunue gari la namna hiyo hana fedha za kubahatisha betri tatu. Pili, riziki inayozungumziwa hapa ni ya vijana walio chini ya miavuli na vibaraza vya Gerezani na Shaurimoyo, si ya mwenye gari la spoti. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, betri iliyotupwa kabla ya wakati wake haipotei.

Betri kuukuu ina bei. Wanunuzi wa chuma chakavu huitafuta kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo. Ikiyeyushwa katika kiwanda kinachosimamiwa ipasavyo, risasi yake hutumika tena bila madhara makubwa. Ikivunjwa uani, asidi ikamwagwa mtaroni na risasi ikayeyushwa kienyeji, moshi na vumbi lake huingia katika miili ya watu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwani risasi huharibu ubongo unaokua.

Hatuhitaji kwenda mbali kupata ushahidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi kwa miaka kadhaa. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza mapambano ya wakazi hao na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi hiyo iliendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Fedha, hata zikilipwa zote, hazirudishi ubongo wa mtoto. Kila betri nzima tunayoiondoa garini kwa uvivu wa kupima ni mzigo wa ziada katika mnyororo huo.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, napendekeza mambo matatu. Mosi, Tume ya Ushindani ianze mashauriano kuhusu haki ya mafundi huru kupata taarifa za matengenezo kwa gharama inayolipika. Pili, VETA, ambayo tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, iupeleke kwa nguvu zaidi kwa mafundi umeme wa magari, na kipimo cha moto unaopotea kiwe sehemu ya mtihani. TEMESA, yenye dhamana ya matengenezo ya magari ya Serikali, ingeweza kuonyesha mfano kwa kutenganisha katika ankara zake malipo ya uchunguzi na malipo ya kipuri. Tatu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 isimamiwe kwa namna ambayo muuza betri atawajibika kupokea ile kuukuu na kuonyesha ilikoishia.

Kwa wanaharakati na wanafunzi, nina ombi dogo zaidi. Tabia ya kubadilisha bila kupima haiko kwenye magari peke yake. Pampu ya kijiji ikisimama tunanunua pampu. Shule ikifelisha tunamhamisha mkuu wa shule. Idara ikishindwa tunaibadilishia jina. Kila mara kitu kipya kinafungwa juu ya waya ule ule unaovuja, na baada ya muda mfupi giza linarudi. Anayesema "tusubiri, tupime kwanza" huonekana mchelewesha maendeleo. Mlipeni huyo, mtetee nafasi yake katika kikao, na mkipewa madaraka siku moja, mwekeni karibu.