Embe si sumu, na jirani si mlozi

Hapa Kinsevere mvua imeleta maembe, na maneno pia. Mtoto wa familia moja iliyokimbia vita alipewa embe na jirani. Kesho yake midomo ikavimba, uso ukajaa vipele. Palepale watu wakasema: sumu!

Mimi nasema tunamwonea yule mama. Utomvu na ganda la embe vina kitu kinachofanana na kile cha ganda la korosho. Ngozi ya wengine inakikataa, hata kama wamekula maembe miaka mingi bila shida, na vipele huweza kutokea siku moja au mbili baadaye. Watoto wetu wanamenya kwa meno! Osheni embe, menyeni kwa kisu.

Lakini mtu akila tunda lolote, hata ndizi au avoka, na muda si muda ulimi ukavimba au pumzi ikakata, hapo msingoje. Msimnyweshe mafuta ya mawese. Tafuteni pikipiki, afike hospitali achomwe sindano ya adrenalini.

Jana nilipita kwa yule mama. Maembe yanaoza chini ya mti, hakuna mtoto anayeokota.