Kosa si Kanuni: Riwaya ya Mapenzi na Dharau ya Wahakiki

Imekuwa ada ya wahakiki wetu kuitupilia mbali riwaya pendwa ya mapenzi kwa hoja moja: msuko wake hutabirika. Msichana maskini hukutana na tajiri mwenye kiburi. Huchukiana, hutengana, kisha huoana. Kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908, ilikuja kujijengea jina kwa kanuni hiyo.

Hoja hii ni dhaifu. Ngano zina kanuni, tenzi zina arudhi, na hakuna azidharauye kwa sababu hiyo. Isitoshe, riwaya tunazozitukuza nazo zina mazoea yake. Katika Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi, binti aliyebanwa na babake huonja uhuru, akaishia kujiua. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna hutoroka nyumbani, akatumbukia katika ukahaba. Ni kweli kwamba waandishi hawa wanamshutumu baba. Hata hivyo, anayelipa ni binti. Anguko hilo twaliita uhalisia, na ndoa twaiita ndoto. Je, anguko nalo halitabiriki?

Riwaya pendwa ina kosa, ila si hilo. Kosa lake ni kwamba mara nyingi huufasiri ukatili wa mwanamume kuwa mapenzi yaliyojificha, ikamfunza msomaji kuvumilia hadi ukurasa wa mwisho. Hapo ndipo uhakiki ungepaswa kuelekezwa. Lakini mhakiki anayeona fahari kutozisoma riwaya hizi atalitambuaje kosa hilo, sembuse kulikosoa?