Safari za gofu pwani: zawadi kwa mfanyakazi ao mtego kwa mkubwa wa Leta?

Kampuni ikimpeleka mfanyakazi wake baharini kwa siku nne kwa sababu ameuza vizuri, haikosi kitu. Lakini ikimpeleka mkurugenzi wa wizara kwenye hoteli ile ile na uwanja ule ule wa gofu, hilo ni jambo jingine kabisa. Kwetu Kongo safari hizo mbili zinaweza kupewa jina moja: «semina». Ni wakati wa kuzitenganisha.

Tuanze na biashara yenyewe. Benki, makampuni ya simu, ya bima na ya magari, katika nchi nyingi, hutoa safari kama zawadi. Mwanzoni mwa mwaka patroni anatangaza kwamba watakaofikisha kiasi fulani cha mauzo watasafiri. Tiketi ya ndege, chumba, chakula, karamu ya usiku wa mwisho, vyote vinalipwa na kampuni. Hoteli kubwa za pwani zinapenda wageni wa namna hiyo, kwa sababu kundi moja linachukua vyumba vingi kwa mara moja pamoja na ukumbi wa mikutano, hata katika miezi ya mvua ambapo watalii ni wachache. Na hoteli yenye uwanja wa gofu inauza vizuri zaidi.

Kwa msomaji wa Bunia, Uvira ao Lubumbashi, pwani mojawapo ya safari hizo ni ya Kenya. Diani, kusini mwa Mombasa, ina hoteli yenye uwanja wa mashimo 18. Vipingo, kati ya Mombasa na Kilifi, uwanja umejengwa mahali palipokuwa mashamba ya mkonge, na mashindano ya wanawake ya Ulaya yamechezwa hapo. Mbali zaidi kuna kisiwa cha Morisi. Huko, Umoja wa Ulaya ulipoanza mwaka 2006 kupunguza bei ya sukari kwa asilimia 36, makampuni ya miwa yaligeuza sehemu ya mashamba yao kuwa nyumba za kifahari na viwanja vya gofu. Nchi hizo zimejua kuuza bahari yao, na hatuna sababu ya kuzilaumu. Swali letu linawahusu wanaonunua.

Kwa nini gofu, si mpira wa miguu? Kuzunguka mashimo 18 kunachukua saa nne ao zaidi. Watu wanne wanatembea pamoja polepole, mbali na ofisi, bila sekretari wa kuandika ripoti. Mtu anayetaka saini ya mkubwa hawezi kupata nafasi nzuri kuliko hiyo. Hakuna bahasha inayopita mezani. Kuna tu jua, bahari na urafiki. Wiki mbili baadaye, hati ya kampuni ile inafika juu ya meza ya mgeni wa jana.

Atakayesema tunatia chumvi aangalie kesi ya BHP Billiton, kampuni kubwa ya madini. Mwaka 2008 ilialika wakubwa wa serikali na wa makampuni ya serikali kwenye michezo ya Olimpiki ya Beijing. Wageni 60 walikwenda, wengi wao kutoka Afrika na Asia, wengine pamoja na wake zao. Kila mwaliko uligharimu kati ya dola 12 000 na 16 000: hoteli ya kifahari, tiketi za michezo, matembezi. Mwaka 2015 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 25. Kosa lililotajwa halikuwa bahasha. Fomu za kuomba mialiko zilijazwa, lakini hakuna mtu huru aliyezichunguza, hata pale mgeni alipokuwa na uwezo wa kuamua juu ya mambo ya kampuni. Olimpiki ao gofu, njia ni ile ile.

Tukumbuke pia kwamba kwa dola 12 000, mwalimu wa shule ya msingi ya Leta hapa kwetu angelipwa zaidi ya miaka mitatu.

Sheria tunazo. Kanuni ya mwenendo ya mtumishi wa Leta, iliyotangazwa tarehe 3 Oktoba 2002, inamkataza kupokea zawadi ao faida nyingine ili afanye kazi yake ao aache kuifanya. Sheria ya Aprili 2010 juu ya mikataba ya Leta inataka ushindani wa wazi. Lakini safari ya siku nne haionekani kwenye karatasi yoyote ya mkataba. Ndiyo maana inapendwa.

Wafanyabiashara watajibu kwamba bila kufahamiana hakuna biashara. Ni kweli. Mteja binafsi anayetumia makuta yake mwenyewe, mualikeni mnavyotaka. Lakini mkubwa wa Leta haamui juu ya makuta yake. Anaamua juu ya barabara, maji, dawa na madini ya wananchi. Urafiki wake una bei, na bei hiyo tunailipa sisi.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila kampuni yenye mkataba na Leta, ao inayoutafuta, iandike katika daftari jina la kila mtumishi wa Leta iliyemlipia safari, mahali na gharama yake. Pili, mtumishi huyo atangaze mwaliko kwa mkubwa wake kabla ya kupanda ndege, na asiguse tena hati za kampuni hiyo. Tatu, Inspection Générale des Finances, inayojua kufuata makuta ya makampuni ya Leta, ichunguze pia gharama zinazoitwa «semina» nje ya nchi, maana hizo zinatoka moja kwa moja katika mfuko wetu.

Na kwa mapatroni tunaongeza neno moja. Kama mnataka kweli kumpa zawadi aliyefanya kazi, mpelekeni baharini yule kijana anayeuza kadi za simu juani na yule mama wa gishe anayehesabu noti mpaka jioni. Hao ndio waliofikisha hesabu ya mwaka. Wakipigwa picha wameshika fimbo ya gofu mbele ya bahari ya Hindi, hakuna mtu atakayeuliza ni mkataba gani umesainiwa.