Kibali cha Gati Kisingoje Kusi

Fundi wa majini hafanyi kazi kwa kalenda ya ofisi. Katika pwani ya Tanzania, tangu Moa karibu na mpaka wa Kenya hadi Msimbati karibu na mdomo wa Ruvuma, nguzo za gati huzamishwa na zege humwagwa katika ile miezi ambayo bahari humruhusu mtu kusimama ndani yake: baada ya kusi kutulia mnamo Oktoba, na kabla ya masika kuanza Machi. Hata ndani ya miezi hiyo kazi ya msingi hufuata mwezi mwandamo, kwani wakati wa bamvua tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na saa za kufanya kazi penye tope lililo wazi huwa chache. Kibali kinachotolewa Aprili, kwa hiyo, ni kibali cha mwaka unaofuata, hata kama tarehe ya mhuri inasema vingine.

Jambo hili, ambalo kila nahodha wa jahazi analijua bila ya kufundishwa, ndilo ambalo utaratibu wa kuomba ruhusa ya ujenzi katika bandari ndogo haujalitia maanani. Na athari yake haimpati mwenye meli kubwa anayetia nanga Dar es Salaam au Tanga, bali mwananchi wa kijiji cha pwani ambaye njia yake ya kwenda sokoni, hospitali na shule ni maji.

Uchukuliwe mfano wa kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Kilwa, Kibiti au Pangani. Wananchi wamechanga kutokana na mauzo ya samaki, halmashauri imeongeza sehemu yake, na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za fukwe kimekubali kusimamia kazi. Wanachokitaka si bandari ya kupokea makontena. Wanataka gati fupi la zege lenye ngazi pembeni, ili mama mjamzito asibebwe mgongoni kupita katika maji yanayofika kifuani, na ili samaki wapakuliwe kabla barafu haijayeyuka. Wanaodhani kuwa picha hiyo imetiwa chumvi na wawaulize watu wa Mafia. Kabla gati la Kilindoni halijajengwa katika miaka ya 2010, kushuka chomboni kulikuwa ni kukunja nguo, kuweka mzigo kichwani na kutembea majini hadi ufukweni, mzee kwa kijana, mzima kwa mgonjwa.

Kijiji hicho kikishaamua, ndipo safari ya makaratasi inapoanza. Sheria ya Bandari Na. 17 ya mwaka 2004 iliikabidhi Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari dhamana ya bandari za bahari na maziwa Tanzania Bara, kazi ambayo kwa upande wa bahari ilikuwa ya Mamlaka ya Bandari iliyoundwa mwaka 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali kuvunjika. Ruhusa ya kwanza, basi, huanzia huko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka huo huo wa 2004 inataka athari za mradi zichunguzwe kabla ya jembe la kwanza kupigwa, na inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto pale zinapohatarisha hifadhi. Gati, kwa maumbile yake, haliwezi kujengwa mita 60 kutoka majini. Hivyo mwombaji huanza safari yake akiwa tayari anaomba asamehewe jambo. Kama mahali hapo pana mikoko, ambayo ni misitu ya hifadhi, wahusika wa misitu nao lazima waseme. Kama pamo ndani ya hifadhi ya bahari iliyowekwa chini ya sheria ya mwaka 1994, kama ilivyo sehemu kubwa ya kusini ya Mafia, uko mlango mwingine. Kisha kuna ardhi na mipango, kuna usajili wa mkandarasi, na tangu mwaka 2018 kuna Shirika la Uwakala wa Meli lenye jukumu la kusimamia usalama wa usafiri wa majini.

Hakuna hata moja kati ya ofisi hizo isiyo na haki ya kuuliza. Lililo baya ni kwamba kila moja huuliza peke yake, kwa wakati wake, na mara nyingi swali ni lile lile: kina ni kiasi gani, mkondo unaelekea wapi, nani ataathirika. Katibu wa kijiji hupanda basi kwenda makao ya wilaya, kutoka hapo hadi mkoani, na kutoka mkoani hadi Dar es Salaam au Dodoma, akibeba bahasha ile ile. Fedha za wananchi zikiwa benki hazioti. Bei ya saruji na nondo hupanda zikiwa zimelala. Makadirio yaliyotosha mita 40 za gati, baada ya misimu miwili hutosha 30, na mita 10 zilizopotea ndizo zile ambazo zingefika penye kina.

Wako wanaodai kwamba dawa ni kuviondoa vibali kabisa, na kumwacha kila mwenye nguvu ajenge apendapo. Madai hayo yanavutia kwa wepesi wake, lakini hayatoki kwa watu wanaoishi ufukweni. Mchanga wa pwani hausimami mahali pamoja. Husafiri na mawimbi kandokando ya nchi, ukilishwa na mito na matumbawe, na ukuta wowote utakaokingamishwa majini huurundika upande mmoja na kuunyima upande wa pili. Kaskazini ya Dar es Salaam, kutoka Kunduchi kuelekea Bahari Beach, somo hilo limeandikwa ardhini kwa herufi kubwa. Kila mwenye hoteli aliyejenga kingo za mawe ili kulinda ufukwe wake alimsogezea jirani msiba, na jirani naye akajenga zake. Bahari imekula majengo ambayo wajenzi wake waliyaweka mbali na maji, kwa kipimo cha siku zile. Mwananchi aliyepoteza shamba la minazi kwa njia hiyo hakuulizwa na mtu yeyote, kwani hapakuwa na mahali pa kumwuliza. Kibali, kinapofanya kazi yake, ndipo mahali hapo.

Katika maziwa hoja ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Mwaka 2020, na tena 2024, maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi vimo ambavyo wengi wa wakazi wa mialo hawakuwahi kuviona, na Ziwa Tanganyika nalo likafunika sehemu za bandari na nyumba kwenye kingo zake. Gati lililojengwa kwa kipimo cha miaka ya maji machache liligeuka kuwa mwamba uliozama, hatari kwa mitumbwi ya usiku. Mhandisi anayedai kuonyeshwa kumbukumbu za vimo vya maji vya miongo iliyopita kabla ya kutia sahihi hamsumbui mwananchi. Anamwokoa.

Kwa hiyo ugomvi si juu ya ulazima wa kibali. Ni juu ya saa, lugha na uzito wake.

Juu ya uzito, hatua imekwisha kupigwa, na ni haki kuitaja. Marekebisho ya kanuni za tathmini ya mazingira ya mwaka 2018 yaliigawa miradi katika madaraja, ili miradi mizito ichunguzwe kwa kina na ile myepesi isilazimike kubeba mzigo usiolingana nayo. Mwaka huo huo Serikali ilipitisha mpango wa kurekebisha mifumo ya udhibiti wa biashara, ambao ulikiri wazi kwamba wingi wa mamlaka zenye majukumu yanayogongana ni kero. Lakini daraja la mradi husaidia tu pale ambapo afisa anayepokea ombi analitumia bila woga. Afisa mwenye woga huliweka gati la mita 30 katika fungu la bandari kubwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa kwa nini alikawia, ila wengi wameulizwa kwa nini waliruhusu.

Juu ya lugha, aibu ni kubwa zaidi. Kanuni za tathmini zinataka muhtasari wa taarifa uandikwe kwa Kiswahili pia, na mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Hata hivyo taarifa yenyewe, yenye ramani, vina na mapendekezo, bado huandikwa kwa Kiingereza na mtaalamu wa kukodiwa, halafu wanakijiji, ambao ndio wajuao mkondo unapogeuka, husomewa kurasa chache kwenye mkutano na kuombwa wanyooshe mikono. Mzee aliyevua miaka hamsini katika mlango ule ana elimu ambayo haimo katika taarifa hiyo, na hawezi kuisahihisha kwa kuwa hawezi kuisoma.

Matokeo ya yote haya yanaonekana kwa macho. Bandari bubu, zile sehemu ambako vyombo hupakia na kupakua bila ofisa wala taa, zimetapakaa pwani nzima na kuzunguka maziwa. Baadhi yake ni mapango ya magendo, na hao wasionewe huruma. Lakini nyingi ni bandari za watu waliochoka kungoja, wakajifungia magogo na magunia ya mchanga, wakaendelea na maisha. Mamlaka ya Bandari imekuwa ikizirasimisha baadhi yake, na hiyo ni busara. Ingekuwa busara zaidi kama mwananchi asingelazimika kwanza kuwa mkosaji ndipo atambuliwe.

Kinachohitajika hakidai sheria mpya. Ofisi ya bandari ya mkoa, iliyo karibu zaidi na maji, ipokee ombi moja na kuligawa yenyewe kwa wenzake, badala ya mwombaji kulitembeza. Orodha ya maombi ya bandari ndogo ibandikwe katika ubao wa wilaya, ikionyesha siku lilipopokelewa na meza liliko. Anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili. Maombi yanayoletwa wakati wa kusi yajibiwe kabla ya Oktoba. Na ukaguzi ufanywe kwa pamoja: wa bandari, wa mazingira, wa misitu na wa ardhi wapande mashua moja, siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa, wakiwa na wazee wa kijiji, na watie sahihi zao hapo hapo ufukweni kabla maji hayajarudi.