Hiyo Sauti ya Subaru Yako Si Nguvu, Ni Ufa

Wasee, leo wacha niwaudhi kidogo.

Hapa Islii, jioni haiishi bila Subaru moja kupita First Avenue ikinguruma hadi vioo vya maduka vitetemeke, na vijana kando ya barabara wapige mluzi. Siwacheki. Mimi ndiye niliyekuwa nikipigiwa mluzi. Mimi na bro yangu tulichanga tukanunua Impreza WRX kuukuu, na tulijiona wafalme wa mtaa.

Asubuhi moja ya baridi, mwezi wa saba, ikaanza kulia tik-tik-tik nikiiwasha. Dakika kumi baadaye, kimya. Nikasema ni baridi tu. Wiki zikapita, mlio ukawa mzito, marafiki wakaniambia, "Buda, gari imekuwa kali!" Nikairekodi video. Watu wakaipenda.

Kisha Jumamosi moja tukakwama kwenye jam kutoka Pangani, mvua inanyesha, madirisha yamefungwa. Dada yangu mdogo alikuwa nyuma. Akasema, "Kichwa kinaniuma, nataka kutapika." Mama akadhani ni njaa. Tulipofika nyumbani akapata nafuu. Siku tatu baadaye tukampakia tena, na kichwa kikamuuma tena. Hapo ndipo akili ilinijia: anayeumwa ni dada, lakini mgonjwa ni gari.

Heda, yaani yale mabomba ya kwanza yanayopokea moshi kutoka kwenye injini, ilikuwa na ufa. Injini ikiwa baridi, ufa uko wazi na moshi unachomoka kwa mapigo, ndiyo ile tik-tik. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajibana, mlio unapotea. Kwa hivyo gari ikinyamaza, haijapona. Imejificha tu.

Na kwenye WRX heda iko chini ya injini, mbele ya miguu yako. Moshi ukitoroka pale unaweza kupanda na kuingizwa ndani na feni. Ndani yake kuna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inaanza na kichwa na kichefuchefu, halafu usingizi. Kuna usingizi mwingine mtu haamki.

Najua mtaniambia Subaru imezaliwa ikinguruma. Kweli. Heda za WRX za zamani zina mabomba yasiyolingana urefu, kwa hivyo mapigo ya moshi kutoka pande mbili za injini hayafiki kwa mpangilio sawa. Ndio ule mlio wazazi wetu waliusikia kwenye Safari Rally, Colin McRae aliposhinda 1997 na Richard Burns 2000. Lakini mlio wa kuzaliwa ni kitu kimoja, mlio wa ugonjwa ni kingine.

Hata nguvu yenyewe inapungua. Moshi ndio unaozungusha turbo. Ukivujia njiani, turbo inachelewa kuamka. Tena hewa ya nje ikiingia kwenye ufa, sensa ya oksijeni inadanganyika kwamba petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza. Unalipa mafuta zaidi, unakimbia polepole, halafu unaita hiyo "performance".

Sasa aibu yangu ya pili. Nilienda gereji ya kwanza nikataka kazi ya haraka na ya bei ya chini. Nikapata nilichotaka: dakika 15, heda ikiwa bado kwenye gari, welda akachomelea juu ya masizi. Wiki mbili tu, ikapasuka kando ya ile weldi.

Fundi wa pili alikuwa mzee mtulivu. Nikamwambia, "Mzee, si uichomelee tu tena?"

Akacheka. "Nikichomelea tu, kijana wangu, utarudi. Hii haijapasuka kwa uzee. Inabeba mzigo usio wake."

Akanionyesha. Gari tuliishusha ipendeze, ikawa inagonga kila tuta. Kishikio cha bomba hakikuwepo, uzito wote wa ekzosi ukaning'inia kwenye heda. Raba za kushikilia injini zilikuwa zimekufa. Akaitoa heda yote, akaisafisha hadi chuma king'ae, akatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, akachimba mfereji na grainda, ndipo akachomelea kwa gesi ya argoni. Akahakikisha uso wa kufungia umenyooka, akaweka gasketi mpya, akarudisha kishikio. Siku nzima. Bei mara tatu. Sijarudi tena.

Maoni yangu ni haya: sisi vijana tuna pesa ya rimu na stika, lakini ya gasketi tunaomba discount. Tunalipa mtu abadilishe programu ya kompyuta ili gari ipige risasi kwenye ekzosi, na hatuulizi ule moto unawaka wapi. Unawaka ndani ya mabomba yale yale. Halafu zikipasuka tunamlaumu fundi tuliyembana bei hadi akose muda wa kufanya kazi.

Kesho asubuhi, kabla hujaiwasha, itoe gari nje, mahali pa wazi. Iwashe ikiwa baridi, usikilize dakika mbili za kwanza. Zima, iache ipoe, kisha mulika tochi kwenye heda utafute mstari mweusi wa masizi. Bado una shaka? Mwambie fundi apulize hewa kupitia ekzosi, injini ikiwa imezimwa na baridi, na anyunyizie heda maji ya sabuni. Povu litakuonyesha.

Siku hizi WRX yetu ina sauti ndogo. Hakuna anayepiga mluzi First Avenue. Lakini dada yangu analala kiti cha nyuma kwenye jam, na nikimwita, anaamka.