Mwombaji wa Muziki Mgeni

Katika maombi ambayo wanafunzi wa vyuo vyetu huwaletea walimu wao siku hizi, liko moja lisilo katika mtaala wo wote, nalo ni ombi la kupendekezewa muziki. Mwombaji husema kwamba amezichoka nyimbo zake. Ataka kusikia kitu asichokijua, kutoka upande asioufahamu. Ombi hili ni jema, na alitoaye astahili kusikilizwa. Walakini mara nyingi ombi hufuatwa na sharti, na sharti hilo hulibatilisha ombi zima: muziki huo mpya, husema, usiwe mbali sana na huu niuzoeao. Mtu wa namna hii amebisha hodi katika nyumba ya wageni wake, na kabla mlango haujafunguliwa ametaka kuhakikishiwa kwamba atapikiwa chakula cha kwao.

Nathubutu kusema kwamba muziki mgeni hautafutwi kwa kufananisha. Huombwa kwa mtu aupendaye, na huombwa pamoja na namna ya kuusikiliza. Pendekezo lisilofuatana na maelekezo ya sikio ni jina tupu, na majina tupu tunayo ya kutosha. Najua kwamba maoni haya hayapendezi kwa watu wengi, tena baadhi yao ni wenzangu ninaowaheshimu. Nami sikuandika ili niwabembeleze.

Wako kwanza wale wasemao kwamba kazi hii imekwisha pata mtumishi wake. Huduma za muziki za mtandaoni, ambazo kubwa miongoni mwao, Spotify, ilifungua milango katika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, huahidi kumletea msikilizaji kila wiki nyimbo asizozijua. Basi na tuitazame kazi hiyo ilivyo. Programu huweka kumbukumbu ya wimbo uliousikiliza mpaka mwisho na wimbo uliouruka katikati. Huilinganisha kumbukumbu yako na za watu wengine wengi mno. Kisha hukupa kile kilichowapendeza watu waliofanana nawe. Husaidiwa pia na vipimo vya sauti yenyewe, kama vile wepesi wa mapigo. Hapana uchawi hapo. Sisemi kwamba mashine ni kipofu. Ndani ya mtaa mmoja huona vizuri kuliko mwanadamu ye yote, na mpenzi wa rumba atakaye rumba nyingine hana sababu ya kulalamika. Lakini huyu wetu hakuomba hivyo. Aliomba safari, naye huzungushwa uani kwake.

Tena liko dhara kubwa zaidi kuliko hilo. Muziki ambao wapenzi wake hawausikilizii katika simu hauna kumbukumbu ya kulinganishwa. Kwa kuwa hausikilizwi huko, haupendekezwi. Na kwa kuwa haupendekezwi, hausikilizwi. Wanawake wa Ugogo wapigao ngoma ya muheme wanaweza kuijaza Dodoma nzima kwa sauti, na mashine isijue kwamba wapo. Laiti mwanafunzi angejua kwamba mashine haijui, hasara ingekuwa ndogo. Yeye huja kuamini, pole pole na bila kusema, ya kuwa kisichopendekezwa hakipo. Mtu anayeamini hivyo hawezi tena hata kuuliza, kwa maana hakuna anayeuliza habari za kisichokuwapo.

Juu ya wajuzi nitasema machache. Ukimwuliza mjuzi habari za jazi atakutajia wapiga tarumbeta arobaini na miaka ya santuri zao, na ukitoka kwake hujui uanze na nani wala usikilize nini. Umeomba maji ya kunywa ukaonyeshwa bahari. Ujuzi huo ni mkubwa, ila haukukusudiwa kumfaa aulizaye.

Wanaostahili kujibiwa kwa urefu ni walinzi wa mila. Hawa huuliza: kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili atafute muziki wa watu wa mbali, na wa kwao haujui? Nusu ya swali hili ni kweli tupu. Wako vijana wa Dodoma wazijuao nyimbo za Seoul kwa maneno yake, wala hawajapata kukaa chini wakasikiliza waimbaji wa Kigogo wakiimba kwa sauti nyingi pamoja. Lakini kweli hii huwageukia wenyewe walioisema. Ikiwa muziki wa jirani umekuwa mgeni kwetu kuliko wa Seoul, basi dawa ni kuwa hodari wa kupokea kigeni. Mwenye sikio la kukataa hukataa cha mbali na cha karibu kwa pamoja.

Isitoshe, walinzi hawa hulinda hazina pasipo kuuliza ilikuja kwa njia gani. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, husimuliwa kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga ganuni, na kutoka katika jumba la mfalme muziki huo ukashuka mjini. Mwaka 1905 kikazaliwa chama cha Ikhwani Safaa. Taarabu ya jumbani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, binti wa shamba la Fumba, aliishika akaitia Kiswahili, na mwaka 1928 yeye na wenzake wakavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Shaaban Robert, ambaye hapana asiyemhesabu kuwa mlinzi wa lugha hii, aliona inafaa kuandika wasifu wake. Huko Mombasa Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na mashairi hayakufa. Na muziki wa dansi wa bara ungekuwa nini bila ya santuri za GV, ambazo tangu mwaka 1933 zilisambaza katika Afrika nyimbo za Kuba zilizoimbwa kwa Kihispania, lugha ambayo wapiga magitaa wa Leopoldville na Dar es Salaam hawakuwa nayo? Mwezi wa Novemba mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa Wamarekani weusi uitwao soul, kwa hofu kwamba utawaharibu vijana. Waliokuwa wakilindwa kwa amri hiyo walikuwa wamelelewa katika muziki wa Misri, India na Kuba.

Nina mfano mmoja niupendao kuliko yote. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis wa Kenya. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa huko ni zile ziitwazo Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika katika nchi hiyo na kupigwa kwa gramafoni. Wakipsigis walilichukua jina wakalitamka kwa ulimi wao. Wakalitungia nyimbo na kuziimba pamoja na kinanda chao cha nyuzi. Katika ule ulioimbwa na wasichana, Tracey aliandika kwamba Chemirocha ni kiumbe nusu mtu na nusu paa, naye huombwa acheze. Rekodi hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa imo katika mji wa Makhanda, Afrika ya Kusini; na katika miaka ya 2010 nakala zilirudishwa Kapkatet.

Atakuja mtu wa kucheka aseme kwamba watu wale hawakumfahamu Rodgers. Sawa, hawakumfahamu. Ila tazama walichofanya. Sauti ngeni kabisa iliwajia, yenye maneno wasiyoyajua na miruzi ya kooni wasiyopata kuisikia. Hawakuiuliza inafanana na nini katika nyimbo zao. Waliistaajabia, wakaitafutia mahali pa kukaa. Mwanafunzi wetu ana kamusi, ana ramani, ana muziki wa dunia nzima mfukoni mwake, naye hubonyeza kidole baada ya sekunde kumi kwa sababu wimbo haujamfurahisha. Nani kati yao ndiye mwenye elimu ya kusikiliza?

Nimesema kwamba pendekezo liwe na maelekezo, na yafaa nionyeshe nimaanishacho. Chukua taarabu ya kale. Mgeni wa taarabu akiisikiliza kama asikilizavyo nyimbo za redioni, atachoshwa na utangulizi mrefu wa fidla na ganuni, na atadhani mwimbaji anachelewa. Apewe maelekezo haya: kila ubeti ni fumbo, na kila fumbo lina mlengwa. Uliza, wimbo huu unaimbiwa nani? Ukibahatika kuhudhuria, watazame wasikilizaji kuliko waimbaji. Tazama ni nani ainukaye na fedha mkononi kwenda kumtuza mwimbaji, ni ubeti gani uliomwinua, na ni nani aliyebaki kitini akiwa amekunja uso. Katika dakika hiyo mwanafunzi wa ushairi atajifunza juu ya mafumbo kuliko atakavyojifunza kwa kuhesabu mizani kwa muhula mzima. Nasema hivi nikiwa miongoni mwa wale wahesabishao mizani.

Au chukua waimbaji wa Kigogo. Sikio lililofunzwa na piano litadhani kwamba sauti zimepotoka kidogo. Hazikupotoka. Wataalamu wameonyesha kwamba ngazi yao hufuata zile sauti za asili zilizomo ndani ya uzi mmoja upigwapo, na vipimo hivyo si vya piano. Basi msikilizaji aambiwe aache kuzisahihisha. Asikilize sauti moja tu, iliyo chini, mpaka aizoee. Kisha aongeze ya pili. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliwachukua wasikilizaji wa Ulaya wasiojua neno lo lote la Kigogo, akakaa nao kwa zeze na marimba mpaka wakatulia. Iwapo wageni hao waliweza, sioni udhuru wa mtu wa Morogoro.

Hata hivyo kipimo kikali cha hoja yangu ni singeli. Wenzangu wengi hawaitaki hata kuitaja. Ni muziki uliozaliwa mitaa ya Manzese na Tandale, katika Dar es Salaam, wenye mapigo yapitayo mia mbili kwa dakika, mara nyingine yakikaribia mia tatu. Huitwa kelele, na wanaoiita hivyo husema kwamba wao ni watu wa taarabu. Waama hawajui wanamtukana nani. Watengenezaji wa singeli huchukua vipande vya muziki uliotangulia, taarabu ikiwamo, huviharakisha, huvizungusha, na juu yake kijana husimulia habari za kodi ya nyumba, mama mkwe na rafiki msaliti. Yule nyanya wamheshimuye yumo humo ndani, amevalishwa viatu vya kukimbilia. Maelekezo ya singeli ni mafupi: usiyafuate mapigo, hutayafikia, ifuate sauti ya msimuliaji, nayo itakuonyesha kwamba wimbo unakwenda polepole kuliko ulivyodhani. Mwalimu wa fasihi simulizi asiyeweza kuivumilia sauti hiyo kwa dakika tano, ilhali watungaji wake wako umbali wa nauli moja ya daladala, afundisha fasihi simulizi ya nani?

Nimependekeza kwa wenzangu kwamba mwanafunzi wa ushairi, mara moja katika kila muhula, amtafute mtu apendaye muziki ambao yeye mwanafunzi haufahamu: fundi cherehani, mpishi, dereva, bibi yake mwenyewe. Amwombe wimbo mmoja, usiwe zaidi. Amwulize aanze kusikiliza wapi, na ni mahali gani ndani ya wimbo ambapo mwenyewe huguswa, na kwa nini. Ausikilize mara saba kabla ya kutoa maoni. Kisha aandike kurasa mbili juu ya kile alichokuwa hakisikii mara ya kwanza.

Pingamizi niliyoipata haikuwa kwamba jambo hili ni baya. Niliulizwa litasahihishwaje, maana msahihishaji huenda asiujue wimbo wenyewe. Jibu langu ni kwamba naye atakaa chini ausikilize mara saba.