Sumu Isitunyang'anye Ziwa la Mama



Hapa Bijombo kuna maneno yanayopita mlango kwa mlango: ati maziwa ya mama yameingiwa na sumu ya viwanda, basi afadhali mtoto apewe maziwa ya kopo. Tumeyasikia sokoni, tumeyasikia hata baada ya Misa. Maneno hayo yana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hupoteza watu wengi kuliko uongo mtupu.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT huua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa hiyo ikapulizwa nyumbani ili kuua mbu, ikanyunyizwa mashambani. Lakini haiozi upesi, wala haiyeyuki majini, hushika mafuta. Kutoka matopeni huingia katika vidudu, kisha katika ndagala, kisha katika samaki wakubwa, mwisho katika mwili wa mtu. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza kwamba wameikuta DDT na mabaki yake katika samaki wa Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, jirani na Uvira yetu. Mama anyonyeshapo, mafuta ya mwili wake huingia katika maziwa, na sumu huingia pamoja nayo.

Tena huenda sumu hiyo inapunguza maziwa yenyewe. Uchunguzi wa kaskazini ya Meksiko, uliotolewa mwaka 1995, ulionyesha kwamba akina mama wenye mabaki mengi ya DDT walinyonyesha kama miezi 3, na wale wenye machache kabisa miezi 7 na nusu. Uchunguzi wa baadaye haukuonyesha tofauti kubwa namna hiyo. Basi hatusemi kwamba jambo limethibitishwa. Twasema ni onyo.

Je, kwa hiyo tukimbilie kopo? Hapana! Shirika la Afya Duniani na wenzao wa mazingira walipima maziwa ya akina mama wa nchi nyingi, na Kongo ikiwemo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba faida ya kunyonyesha yazidi hatari. Na kopo hapa kwetu ni nini? Ni maji ya kijito yasiyochemshwa, ni chupa chafu, ni unga unaopunguzwa ili ufike mwisho wa mwezi. Kuhara hakungoji miaka ishirini. Huua kwa siku mbili. Mtoto anyonye maziwa ya mama matupu miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine.

Ugomvi wetu si na mama. Ng'ombe akila majani mabaya, mfugaji hamchinji ng'ombe wake; humhamisha malisho. Basi mbona sumu ikionekana katika maziwa, tunamnyoshea kidole yule anayenyonyesha?

Twawauliza akina baba: nani anayenunua dawa ya kupe au ya shamba katika chupa isiyo na jina? Nani anayeiweka chini ya kitanda, kisha bidoni lake akampa mkewe achotee maji? Dawa isiyo na jina, wajuaje kama si ile iliyokatazwa? Kwa Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001, ambayo Kongo iliyaingia mwaka 2005, DDT haina ruhusa shambani. Imeachwa kwa ajili ya wadudu waletao magonjwa tu. Basi wakaguzi wa mpakani Kavimvira na wa masokoni wafanye kazi yao, na muuzaji asiyeweza kuonyesha jina la dawa afungiwe meza.

Na akina mama wajawazito twawaomba kwa upole: acheni kula udongo wa sokoni. Mwaka 2013 wataalamu waliopima udongo wa namna hiyo, ulionunuliwa Uholanzi na Afrika, walikuta dioksini nyingi katika baadhi yake, nayo ni sumu ishikayo mafuta kama DDT. Tusichome plastiki karibu na nyumba pia, maana moshi wake una dioksini hiyo hiyo.

Mama anyonyeshe bila hofu wala aibu. Sisi wengine, kazi yetu ni kuizuia sumu kabla haijamfikia.